Jina la ufito halivui samaki

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii nimeisomesha kwa miaka mingi, na kila mara nimewaeleza wanafunzi wangu kwamba maana yake ni nyepesi: aliye hodari wa kazi hatafuti kisingizio katika zana. Lakini mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya upili karibu na Mlima Kenya, aliniletea swali lililonilazimu kuitazama upya methali hiyo. Tangu alipohamishiwa huko, kijana huyu ameshikwa na mapenzi ya kuvua samaki aina ya trauti katika mito inayoteremka kutoka mlimani. Alikuwa amekwisha kujaza fomu ya mkopo katika chama chake cha ushirika ili anunue ufito wa kuvulia wa chapa mashuhuri, ambao bei yake inazidi dola 1,000 za Marekani. “Mwalimu,” akaniuliza, “bei hiyo ni ya ufito kweli, au nitakuwa nimenunua jina?”

Tukihesabu shilingi 130 kwa dola moja, fedha hizo ni zaidi ya shilingi 130,000, yaani mshahara wa zaidi ya miezi miwili wa mwalimu anayeanza kazi. Hapo hatujatia nauli ya kuusafirisha ufito wenyewe wala ushuru wa forodha. Swali lake basi, ingawa linahusu burudani, si la mchezo hata kidogo. Mkopo ule angeulipa kwa muda wa mwaka mzima, na katika mwaka huo kuna karo ya mdogo wake, kuna kodi ya nyumba, na kuna wazazi kijijini.

Nitatoa jibu langu mapema, ili msomaji asije akadhani namzungusha. Tofauti iliyopo baina ya ufito duni na ufito mzuri ni ya kweli, nayo yastahili kulipiwa. Lakini tofauti iliyopo baina ya ufito mzuri na ufito wa jina kuu ni ndogo mno, na awezaye kuitambua ni yule tu ambaye mkono wake umekwisha kufuzu. Mwanagenzi anayeinunua tofauti hiyo hununua kitu asichoweza kukitumia.

Sisi watu wa isimu tuna tabia ya kuanza na maneno. Kiswahili cha pwani kina hazina kubwa ya msamiati wa uvuvi: ndoana, mshipi, chambo, chubwi, dema, jarife, uzio na mengi mengineyo. Ukiutafuta ufito katika hazina hiyo utaukuta umekaa pembeni. Neno lenyewe asili yake si la uvuvi bali ni la ujenzi. Ni kile kijiti chembamba kirefu kinachofungwa kwenye nguzo za nyumba ya udongo, na ndicho kinachotajwa katika ile methali ya wajengao nyumba moja kwamba hawagombei fito. Mvuvi wa Lamu, Kilifi au Shimoni avuaye kwa ndoana husema kwamba anavua kwa mshipi, na aghalabu mshipi huo huushika mkononi pasipo na ufito wowote. Kwa mshipi huo wa mkono hupandisha changu, tewa, kolekole, hata nguru. Lugha imempa heshima yule anayefanya kazi. Samaki hushikwa na ndoana na huvutwa na mshipi.

Je, ufito una kazi gani? Kazi zake ni tatu. Kwanza, humwezesha mvuvi aliyesimama ukingoni kuurusha mshipi mbali, mahali ambapo mkono mtupu usingefika. Pili, hunepa samaki anapofurukuta, na kule kunepa hupunguza mshtuko ambao ungeukata mshipi. Tatu, hupeleka habari mkononi, kwa maana mtetemo mdogo wa samaki anayeonja chambo husafiri kwenye ufito hadi kwenye mpini. Ufito mzuri ni ule unaozifanya kazi hizi tatu bila ya kumchosha mwenye kuushika. Swali la bei ni hili: fedha zikiongezwa, ni ipi kati ya kazi hizi inayofanywa vizuri zaidi, na kwa kiasi gani?

Historia yatusaidia kujibu. Katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20, fito zilizosifiwa kuliko zote zilikuwa za mwanzi. Mafundi wa Marekani na Uingereza waliupasua mwanzi ulioletwa kutoka kusini mwa China, wakauchonga vipande sita vyembamba na kuviunganisha kwa gundi hata vikawa ufito mmoja wenye pande sita. Kazi hiyo ilichukua saa nyingi za mkono wa fundi, na bei yake ilikuwa bei ya jasho. Ndipo majina kama Orvis, iliyoanzishwa mwaka 1856 katika jimbo la Vermont, na Hardy, iliyoanzishwa mwaka 1872 katika mji wa Alnwick huko Uingereza, yalipopata sifa. Hakuna aliyeyapa majina hayo heshima bure, yaliitolea jasho.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili zikaja fito za nyuzi za kioo, ambazo zilitengenezwa viwandani kwa wingi na kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Marekani ilipopiga marufuku biashara na China mwaka 1950, mwanzi ukaadimika na nyuzi za kioo zikatawala. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Fenwick ya Marekani ikaingiza sokoni fito za nyuzi za kaboni, kitu ambacho katika miaka ya 1960 kilikuwa kikifanyiwa utafiti huko Farnborough, Uingereza, kwa ajili ya ndege. Kaboni ni nyepesi na ni kakamavu, na hadi leo karibu kila ufito wa bei ya juu umetengenezwa kwayo.

Utengenezaji wenyewe hauna siri kubwa. Kitambaa cha nyuzi za kaboni kilichokwisha kulowekwa katika gundi hukatwa kwa vipimo, kikaviringishwa kwenye mtaimbo wa chuma uliochongoka kuelekea nchani, kikakazwa kwa utepe na kuokwa katika tanuri. Kikishakauka mtaimbo huchomolewa, na kinachobaki ni mrija mwembamba mtupu ndani. Hapo hufungwa vipete vya kupitishia mshipi, mahali pa kukazia rili, na mpini wa koki. Ujuzi umo katika ule ukataji wa kitambaa na unene wa kila sehemu, kwa kuwa huo ndio unaoamua ufito utanepa wapi na utatulia upesi kiasi gani. Ujuzi huo una thamani, na kampuni inayoajiri wataalamu wa kuutafuta ina haki ya kuulipisha.

Hata hivyo ujuzi haukai mahali pamoja. Kilichokuwa siri ya kampuni moja miaka 20 iliyopita leo hufanywa na viwanda vingi, na viwanda vingi vya zana za uvuvi viko katika mji mmoja wa China uitwao Weihai. Vipete vya kampuni ya Fuji ya Japani utavikuta kwenye ufito wa bei ya kati na kwenye ufito wa bei ya juu vile vile. Kwa hiyo anayelipa dola 150 badala ya 30 hupata kitu kingine kabisa: ufito mwepesi, vipete visivyokwangua mshipi, viungo visivyolegea. Anayelipa dola 1,000 badala ya 150 hupata ufito uliopungua gramu chache na kutulia upesi zaidi kidogo baada ya kurushwa. Bei imepanda mara sita na ushei. Ubora haukupanda mara sita.

Basi fedha nyingine zimekwenda wapi? Nyingine zimelipa mishahara ya mafundi wa nchi tajiri, na hilo si kosa. Nyingine zimelipa matangazo. Nyingine zimelipa dhamana, kwa maana ahadi ya kukutengenezea ufito ukivunjika huwa imekwisha kutiwa ndani ya bei tangu siku ya kwanza. Nyingine zimelilipa jina, na hapa ndipo mwanaisimu anapoombwa kusema neno.

Jina la chapa ni neno kama maneno mengine, na maneno hubadilika maana ilhali sura yake imebaki ile ile. Mwaka 2013 jina la Hardy lilinunuliwa na Pure Fishing, kampuni ya Marekani ambayo pia imemiliki majina ya Abu Garcia, Penn, Shakespeare na Fenwick. Sisemi kwamba ubora ulishuka. Nasema tu kwamba mnunuzi anayelisoma jina hilo huwaza mafundi wa Alnwick wa zamani, kumbe neno limehama nyumba. Tena kuna herufi na tarakimu. Kwenye fito nyingi utasoma IM6, IM7 au IM8, na muuzaji atakuapia kwamba nane ni bora kuliko sita, kana kwamba ni alama za mtihani. Asili ya maandishi hayo ni majina ya bidhaa ya kampuni moja inayotengeneza nyuzi za kaboni, wala si vyeo vya ubora wa ufito. Nyuzi kakamavu zaidi huweza kutengenezewa ufito mbovu, na nyuzi za kawaida zikatengenezewa ufito mzuri. Isitoshe, kadiri nyuzi zinavyozidi ukakamavu ndivyo mrija unavyofanywa mwembamba, na ndivyo unavyokuwa mwepesi wa kuvunjika ukigongwa. Mnunuzi anayedhani kwamba ghali ni sawa na imara hushangaa sana.

Nami nilishangaa. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamifu, nilijinyima miezi kadhaa nikanunua ufito wa chapa kuu wenye dhamana ya maisha. Miaka minne baadaye, hapa nyumbani, mlango wa gari uliifunga ncha yake ikakatika. Sikuwa na wasiwasi kwa kuwa nilikuwa na dhamana. Nilipoiandikia kampuni nikajibiwa kwa adabu kwamba niurudishe ufito kwa gharama yangu, nilipe ada ya kushughulikiwa, kisha nigharimie kurudishiwa. Nilipojumlisha na ushuru wa forodha nikaona kwamba jumla yake ingeninunulia ufito mpya wa bei ya kati. Dhamana ilikuwa ya kweli kwa mtu anayeishi jirani na kiwanda. Kwangu mimi ilikuwa karatasi. Nililipa hata hivyo, na nakiri kwamba kilichonisukuma ni majivuno.

Kwa kuwa sikutaka kumjibu mwanafunzi wangu kwa maneno matupu, Jumamosi moja nilimfuata huko huko shuleni kwake nikiwa na fito tatu: ule wangu wa jina kuu, mmoja wa bei ya kati, na mmoja wa bei ya chini kabisa. Tuliyaficha majina yote kwa utepe mweusi, tukafunga kipande cha uzi wa sufu mahali pa ndoana, tukaenda kuirusha mishipi kwenye uwanja wa kandanda. Tulikuwa watu watano, akiwemo mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwaongoza wageni mitoni. Huo haukuwa utafiti, wala sitaki mwanafunzi yeyote aunukuu katika tasnifu yake. Lakini ulitufunza.

Ule wa bei ya chini tuliutambua sote mara moja. Ulikuwa mzito nchani, mshipi ulianguka karibu kama kamba ya ng'ombe, na baada ya dakika kumi mkono uliuma. Katika zile mbili zilizobaki, watatu wetu, nami mwenye ufito nikiwa mmojawapo, tuliutaja ule wa bei ya kati kuwa ndio wa jina kuu. Mwenye swali alisema haoni tofauti yoyote. Mzee peke yake ndiye aliyeutambua. “Huu hapa,” alisema, “ukishaurusha hautikisikitikisiki. Unatulia.” Nikamwuliza kama angeununua. Akacheka, akasema kwamba angechukua ule mwingine, na fedha zitakazosalia angenunua mshipi mzuri na buti za kuingilia majini, maana maji ya mlimani ni baridi.

Najua kuna watakaonipinga. Wa kwanza watasema kwamba rahisi ni ghali. Nakubaliana nao kabisa, na ndiyo sababu simshauri mtu kununua ufito wa bei ya chini kabisa ambao vipete vyake vitang'oka na kuukata mshipi siku ya tatu. Lakini methali hiyo haisemi kwamba ghali ni rahisi. Wa pili watasema kwamba mnunuzi aliye mbali, asiyeweza kuujaribu ufito kabla ya kulipa, hulitegemea jina kama mtu anavyotegemea barua ya kumtambulisha mgeni. Hoja hii ina uzito. Jina lililodumu hupunguza hatari ya kudanganywa. Ila majina hayo hayo mashuhuri huuza pia fito za bei ya kati, na uaminifu wa jina hauhitaji kununuliwa kwa bei yake ya juu kabisa. Mwaka 1976 kampuni ya Shakespeare ilitoa ufito wa kuchanganya nyuzi za kioo na za kaboni ikauita Ugly Stik, jina ambalo tukilitafsiri ni fimbo yenye sura mbaya. Ufito huo wa bei nafuu ulijipatia sifa kwa kutovunjika upesi, na haukuhitaji jina zuri.

Wa tatu watasema kwamba wapo watu wanaostahili kununua ufito wa bei ya juu. Kweli wapo. Yule anayeishi kwa kuvua au kuwaongoza wavuvi, akirusha mshipi mamia ya mara kwa siku, gramu chache ni jambo kubwa kwa bega lake, na mkono wake umeivishwa vya kutosha kuzitumia. Anayevua sulisuli katika bahari ya Watamu au Malindi, samaki awezaye kuzidi kilo 100, hana budi kuwa na zana madhubuti, ingawa hata yeye atategemea zaidi mshipi wake na breki ya rili kuliko jina la ufito. Na mwenye fedha zake za halali anayeupenda ufito wa mwanzi uliochongwa kwa mkono, kama mwingine anavyopenda mlango wa Lamu ulionakshiwa, hana wa kumlaumu. Huyo hununua sanaa, naye anajua kwamba hununua sanaa.

Nisiyemkubali ni yule anayetuambia kwamba pasipo jina kuu mtu si mvuvi. Maneno hayo yana historia yake katika nchi hii. Trauti si mwenyeji wa mito yetu. Aliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 na mlowezi Ewart Grogan, akatiwa katika mto Gura wa milima ya Nyandarua kwa ajili ya burudani ya walowezi. Pamoja na samaki yule zilikuja desturi zake, na miongoni mwa desturi hizo ni kumpima mtu kwa zana aliyoishika kabla ya kumwona akirusha. Samaki tumemrithi, na si vibaya kumfurahia. Desturi ile ya pili hatulazimiki kuirithi.

Kwa hivyo nilimshauri mwanafunzi wangu hivi. Anunue ufito wa bei ya kati kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana. Auangalie vipete vyake kimoja kimoja, apitishe kipande cha soksi ya nailoni ndani yake aone kama kitakwama, kwani kikikwama hata mshipi utakwanguliwa. Avitazame viungo kama vimekaa sawasawa. Fedha zinazobaki azitumie kwa mshipi mzuri, ndoana kali, leseni ya kuvulia, na nauli ya kwenda mtoni mara kwa mara, maana hakuna duka liuzalo mazoezi. Miaka mitano ikipita, na mkono wake ukianza kulalamika kwamba ufito huo unamchelewesha, hapo aje tuzungumze tena juu ya dola 1,000.

Wiki iliyopita alinipigia simu kunieleza kwamba ile fomu ya mkopo ameirarua. Amenunua ufito wa dola 160 kwa akiba yake, na tayari umemchenga trauti watatu. Akaniuliza kwa kicheko kama ule wa jina kuu ungewapata. Nikamwambia kwamba wangu huchengwa vile vile.

Sasa narudi kwenye methali yangu. Nadhani nimekuwa nikiisomesha nusu nusu. Mkulima mwema huchagua jembe. Hulinyanyua akapima uzito wake, akagusa makali yake, akatazama kama mpini umekaza. Asichokifanya ni kulichagua kwa alama iliyopigwa kwenye chuma. Mwalimu atakayeifundisha methali hii darasani na aanzie hapo, awaombe wanafunzi wake wataje kitu walichokinunua kwa ajili ya alama, kisha wakifunike jina na kukitazama upya.